Fulana nyeusi kanisani: tunampima mtu au gitaa?

Ozzy Osbourne, mwimbaji wa hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, alifariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 tu baada ya kuimba kwa mara ya mwisho na wenzake wa Black Sabbath katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, mji aliozaliwa. Rambirambi zilipokuwa zikimiminika, hukumu nazo zilifuata nyuma. Wakristo wengi mitandaoni walimzika yeye pamoja na muziki wake wote: alikuwa mtumishi wa shetani, na anayeupenda muziki huo ajipime kama kweli ameokoka. Maneno hayo yalisomwa kimya kimya na watu ambao Jumapili hushika vitabu vya nyimbo kama washarika wengine. Wapo hata kwetu. Nairobi ina bendi za metali kwa miaka mingi sasa, na mwaka 2020 albamu ya Duma, wawili kutoka jiji hilo, ilitolewa na lebo ya Kampala na kusikilizwa hadi Ulaya. Wasikilizaji wa muziki huu hawatoki mwezini. Baadhi yao wamebatizwa, wamepata kipaimara, na wanakaa benchi la nyuma.

Mjadala ule ulikosea kwa sababu ulibana maswali mawili ndani ya moja. La kwanza ni hili: je, hevi metali inafaa katika ibada ya Jumapili? La pili: je, mtu anayeipenda ni mshirika kamili, anayeweza kushiriki Chakula cha Bwana, kufundisha Shule ya Jumapili, kusimamia ubatizo na siku moja kuwa mzee wa kanisa? Swali la kwanza ni la utaratibu wa ibada, na usharika mmoja unaweza kulijibu tofauti na mwingine bila dhambi. La pili linahusu Injili yenyewe, na jibu lake ni ndiyo, tena ndiyo isiyosubiri la kwanza limalizike. Makanisa yetu yamezoea kulijibu la pili kwa jibu la la kwanza. Yakishaamua kwamba gitaa lile halifai madhabahuni, basi na mwenye gitaa hafai popote.

Tuanze na ulikotoka uzito wa muziki huu, maana wengi hudhani ulibuniwa kwenye kikao cha wachawi. Black Sabbath iliundwa Birmingham mwaka 1968 na vijana wa mitaa ya viwanda. Mpiga gitaa Tony Iommi, akiwa na umri wa miaka 17, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha chuma. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvaa vidoleni, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Uzi uliolegea hutoa sauti ya chini na nzito. Kufikia albamu yao ya tatu, ya mwaka 1971, alikuwa ameshusha gitaa kwa toni moja na nusu, na sauti hiyo ndiyo iliyoigwa dunia nzima. Ilizaliwa na jeraha la kazini. Katika albamu hiyohiyo kuna wimbo ulioandikiwa mashairi na mpiga besi, Geezer Butler, aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki, unaomuuliza msikilizaji kama amewahi kuifikiria roho yake na kumtetea Mungu mbele ya wanaomdhihaki. Hata ile alama ya pembe za vidole, ambayo wachungaji huionyesha kama ushahidi, ilienezwa na Ronnie James Dio aliyejiunga na bendi hiyo mwaka 1979. Alisema aliichukua kwa bibi yake Mwitalia, aliyeitumia kujikinga na jicho baya. Mtu wa Pwani aliyeona watoto wakivishwa hirizi dhidi ya husuda anaielewa desturi hiyo bila mkalimani. Hata ukiiita ushirikina, hutaweza kuiita ibada ya shetani.

Wakristo nao hawakuchelewa kuuchukua mtindo huu. Resurrection Band ilianza mwaka 1972 na kuweka makao Chicago, katika jumuiya iliyowahudumia maskini wa mtaani. Stryper wa California walipata umaarufu kuanzia mwaka 1984. Jina lao walilihusisha na Isaya 53:5, “kwa kupigwa kwake sisi tumepona,” na jukwaani waliwarushia watazamaji Agano Jipya. Albamu yao ya 1986 iliuza zaidi ya nakala milioni moja Marekani. Pamoja na hayo, mhubiri wa televisheni Jimmy Swaggart aliwashambulia waziwazi. Katikati ya miaka hiyo mchungaji Bob Beeman alianzisha California kanisa lililoitwa Sanctuary kwa ajili ya vijana ambao makanisa mengine hayakutaka nywele na nguo zao. Na upande wa pili haukuwa mwema zaidi. Mwaka 1994 mpiga ngoma wa Australia, Jayson Sherlock, alitoa peke yake, kwa jina la Horde, albamu ya Kikristo katika mtindo wa blaki metali, tawi la metali linalojulikana kwa kuupinga Ukristo, na mashabiki wa mtindo huo walikasirika hadi kuitumia vitisho lebo ya Ujerumani iliyoichapisha. Mkristo mpenda metali amezoea kufukuzwa na pande zote mbili, jambo ambalo wanaomshuku kwamba anatafuta umaarufu hawalipigii hesabu.

Sasa hoja za wanaopinga. Ipo dhaifu na zipo nzito, na kwa bahati mbaya dhaifu ndiyo inayohubiriwa zaidi. Inasema kwamba muziki wenyewe, bila hata maneno, una pepo ndani yake. Ushahidi wa kwanza unaotolewa ni ule umbali wa sauti mbili ulioitwa kwa Kilatini “shetani ndani ya muziki”, ambao kanisa la kale lilidaiwa kuupiga marufuku na ambao metali inaupenda. Marufuku hiyo haikuwapo. Walimu wa muziki waliuonya kwa sababu ni mgumu kuuimba na unaacha sikio bila utulivu. Mwanakwaya yeyote anayesoma solfa anaufahamu: ni umbali wa fa hadi ti. Kila kwaya inayopita kwenye so-ti-re-fa kabla ya kutua kwenye do ya “Amina” imeuimba. Ushahidi wa pili ni wa ujumbe uliofichwa unaosikika santuri ikichezwa kinyume. Madai ya ujumbe uliofichwa yalifikishwa hata mahakamani Reno, Nevada, katika kesi dhidi ya bendi ya metali ya Judas Priest, na mwaka 1990 hakimu akaitupa.

Ushahidi wa tatu ndio unaonikera kuliko yote, kwa sababu unatuhusu sisi. Vitabu na kanda za kupinga roki zilizotoka Marekani kuanzia miaka ya 1960 zilirudia dai moja: mdundo wa roki ni hatari kwa kuwa asili yake ni ngoma za Afrika za kuita mizimu. Ilisimuliwa hata hadithi ya mmisionari aliyewachezea Waafrika kanda ya roki, nao wakamuuliza kwa nini anaita mapepo. Mahubiri hayo yametafsiriwa, yakafika kwenye mimbari zetu, na yanarudiwa na watumishi ambao kwaya zao zinapiga ngoma zilezile. Anayeikataa metali kwa hoja hii anaihukumu ngoma ya Wagogo, anauhukumu mdundo wa Kihaya, anaihukumu kayamba. Hawezi kuushika mwisho mmoja wa hoja na kuuachia mwingine. Na ngoma yetu ilishapita njia hii. Sehemu nyingi wamisionari waliwataka waongofu waiache kabla ya kubatizwa, wakaletewa tarumbeta za Kijerumani na tenzi za Ulaya. Ilichukua miongo mingi hadi watu kama mmisionari Howard Olson wa chuo cha theolojia cha Makumira, katika miaka ya 1960, wakusanye tuni za makabila na kuzitia katika nyimbo za ibada ambazo KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, inaziimba hadi leo.

Hoja nzito ni nyingine, na mshabiki akizipuuza hatasikilizwa, wala hastahili kusikilizwa. Mojawapo ni historia ya damu na moto. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen nchini Norway, lilichomwa na kuteketea, na makanisa mengine yakafuata. Waliohukumiwa kwa baadhi ya uchomaji huo walikuwa wa kundi la blaki metali la nchi hiyo, na baadhi yao walisema wazi kwamba wanauchukia Ukristo. Ndani ya familia ya metali kuna tawi lililomtangaza Mungu kuwa adui, na si kwa mchezo wa jukwaani. Kwetu nako hofu ina mizizi: mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Kwa mzazi wa wakati ule, fuvu kwenye fulana ya mwanawe halikuwa pambo. Mshabiki anaweza kumkumbusha kwamba Mathayo 27:33 yataja mahali paitwapo Fuvu la Kichwa, na kwamba katika kanisa la Mtakatifu Nikolao, Tallinn, umehifadhiwa mchoro wa karne ya 15 wa mifupa ikicheza na mfalme na Papa. Atakuwa amesema kweli. Lakini mzazi hakusoma historia ya sanaa ya Estonia. Aliona kilichomtisha.

Kisha kuna sauti ya kunguruma ya waimbaji wengi wa metali, na hapa pana jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilijui. Katika mikutano yetu ya maombezi, mtu anayesemekana kupagawa hubadilika sauti: huwa nzito, ya kukwaruza, ya kiume hata kwa binti. Mshirika aliyeshuhudia mambo hayo kwa dada yake, akasikia sauti kama hiyo kwenye spika za kanisa, hatachambua mtindo, atatetemeka. Kitaalamu mngurumo wa metali hutoka kwenye mikunjo ya juu ya koo, iliyo juu ya nyuzi za sauti zenyewe, kwa pumzi inayosukumwa na misuli ya tumbo. Mwimbaji anayekosea akabana koo hupoteza sauti kwa siku kadhaa. Waimbaji wa Kimasai nao hutumia mivumo ya kooni, na katika sharika zao haijawatisha watu. Maelezo haya ni kweli tupu, ila hayaondoi kumbukumbu ya aliyeumizwa. Paulo katika Warumi 14 hakusema ndugu dhaifu yuko sahihi, alisema asikwazwe. Kwa hiyo nakubali bila kinyongo: mngurumo katika ibada kuu ya usharika wa kawaida hapa kwetu, leo, haufai. Kuna na 1 Wakorintho 14:19, ambako mtume anapendelea maneno matano yanayoeleweka kuliko elfu kumi yasiyoeleweka. Mngurumo hauelewi hata Mwingereza bila karatasi ya mashairi.

Watu wanaotaka kuona jinsi swali la kwanza linavyoweza kujibiwa kwa uangalifu hutajiwa Finland, na wengi hulielewa visivyo. Mwaka 2006, mwaka uleule ambao Lordi waliovaa nyuso za mazimwi waliishindia Finland mashindano ya nyimbo ya Eurovision, ilifanyika Helsinki misa ya kwanza ya metali, sambamba na tamasha la metali la Tuska. Baadaye ikazunguka sharika za nchi. Wapinzani huiita disko kanisani, na mashabiki wengine huitaja kama ushindi. Kumbe ni ibada ya Kilutheri kwa mpangilio wake: maungamo, “Bwana utuhurumie”, masomo, mahubiri, Imani, Chakula cha Bwana. Nyimbo ni za kitabu cha nyimbo cha kanisa lenyewe, zimepangwa upya kwa magitaa. Mshirika wa KKKT, kanisa ambalo Wafini wamelitumikia tangu enzi za Tanganyika, angeweza kuifuata hatua kwa hatua bila kujua neno la Kifini.

Na inawezekana kwa sababu za kiufundi ambazo wanaoiga bila kujifunza hugonga nazo mwamba. Kanisa la mawe huendelea kuvuma kwa sekunde tatu au zaidi baada ya sauti kukatika. Mpiga ngoma anayetumia pedali mbili za ngoma kubwa kwa kasi ya hesabu 180 kwa dakika, mapigo manne katika kila hesabu, anapiga mara 12 kwa sekunde, na kila pigo linaliangukia la kabla yake hadi inabaki ngurumo moja. Hesabu 80 hadi 100 kwa dakika huacha nafasi, na ndiyo kasi ambayo watu wazima wanaweza kuimba wakipumua. Gitaa lililokwaruzwa, yaani ambalo sauti yake imekunjwa kwa makusudi na mitambo, halipigi do-mi-so, hupiga do na so peke yake, maana mkwaruzo ukikutana na mi huzaa sauti za ziada zinazogongana na kuwa tope. Hiyo mi inaachiwa washarika, na wakiimba, wao ndio wanaoukamilisha mkusanyiko huo wa sauti. Kuhusu kelele, kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kwa kumbi ni wastani usiozidi desibeli 100 kwa dakika 15, na kwenye ibada yenye wazee na watoto wachanga mtu mwenye akili hukaa chini zaidi ya hapo. Kanuni ya kazini hutoa saa nane kwa desibeli 85, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Seti ya ngoma isiyo na maikrofoni, katika chumba kidogo, hufika huko yenyewe.

Majengo yetu mengi ni paa la bati, kuta za tofali na sakafu ya saruji. Hapo sauti hugonga na kurudi mara nyingi hata kwa kinanda peke yake. Usharika wenye kijana anayepiga gitaa la metali na unaotaka kumtumia katika kwaya ya vijana, bila kubadili ibada, una mengi ya kufanya kabla ya kumwambia “ondoa hiyo”. Ashushe mkwaruzo hadi thuluthi ya anakozoea. Akate sauti za gitaa zilizo chini ya hezi 100, ambako besi na ngoma kubwa zina kazi yao. Fundi mitambo apunguze gitaa kati ya hezi 2,000 na 3,000, kwa kuwa hapo ndipo sikio linapokamata konsonanti, na gitaa likijaa hapo maneno ya kwaya hupotea hata yakiongezwa sauti. Mpiga kinanda aupumzishe mkono wa kushoto kama kuna besi. Amplifaya isielekezwe kwa wazee, iinuliwe kwenye kiti na kumwelekea mpigaji mwenyewe, maana wapiga gitaa huongeza sauti kwa kuwa hawajisikii. Kijana wa metali ana nidhamu ya mkono wa kulia na ya kuhesabu ambayo bendi nyingi za kanisa zinaihitaji.

Yote hayo bado ni swali la kwanza. Hatari ya misa ya metali, hata ile iliyopangwa vizuri, ni kugeuka chumba cha uani: wao wana ibada yao mara moja moja, na Jumapili nyingine zote wanatazamwa vilevile. Kanisa la aina ya Sanctuary liliokoa vijana wengi, ila lilihitajika kwa sababu makanisa ya jirani yalikuwa yamewafungia mlango. Hatuna sababu ya kulirudia kosa hilo ili tuje kulipongeza suluhisho lake.

Kwenye swali la pili, kazi ya mchungaji na wazee ni ndogo na inafanyika mezani. Kijana alete nyimbo tano anazozisikiliza zaidi, mashairi yasomwe pamoja naye kwa sauti. Zitaonekana zinazoeleza uovu kama Waamuzi 19 inavyoeleza, zinazolia kama Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila hata mstari mmoja wa faraja, na huenda moja inayomtukana Kristo waziwazi. Hiyo ya mwisho iachwe, na mara nyingi kijana mwenyewe atakuwa wa kwanza kusema hivyo akishaisoma polepole. Zile za kilio zinastahili mazungumzo marefu, kwa kuwa zinaonyesha ni huzuni gani anayoibeba ambayo mapambio yetu ya shangwe hayajaigusa. Kinachoharibu ni kumtaka ateketeze vitu vyake mbele ya watu. Muziki uko kwenye simu, utarudi usiku uleule, na kuanzia hapo anajifunza kuwa na maisha mawili, moja la kanisani na moja la chumbani.

Mavazi nayo yawe na kipimo kimoja kwa wote. Kama baraza linakataa maandishi na picha kwenye nguo za wahudumu wa ibada, likatae na fulana ya timu ya mpira na ile ya chama cha siasa. Kama linaruhusu, lisome kilichoandikwa kabla ya kukunja uso kwa rangi nyeusi. Nywele ndefu za mwanamume zina mjadala wake katika 1 Wakorintho 11, na anayetaka kuutumia mstari huo auchukue pamoja na unaowataka wanawake wafunike vichwa.

Swali la muziki wenyewe lina haki ya kuchukua muda, hata miaka. Ngoma ilisubiri nje ya mlango kwa miongo kadhaa, ikaingia, na leo hakuna anayeshtuka ikilia wakati wa sadaka. Waliokataa ubatizo kwa sababu waliambiwa waiache hawakuwapo kuisikia. Walikuwa wameshazikwa, na kanisa halikuwa limehudhuria.